Ukurasa wa Mtwara kwenye kamusi elezo ya mtandaoni: tumeandikwa hivi na nani, na tunaurekebishaje?

#1 Kuchele (mleta uzi)

Heshima yenu wakuu, na wana kusini wote popote mlipo.

Juzi mdogo wangu wa kidato cha pili alipewa kazi ya shule: aandike ukurasa mmoja kuhusu mji anaoishi. Akaomba simu yangu, akatafuta "Mtwara", akafungua ile kamusi elezo ya mtandaoni ambayo hutangulia kila ukitafuta jina la mji, akaanza kunakili kwenye daftari. Mimi nilikuwa jikoni nakaanga samaki. Nikamwambia anisomee kwa sauti. Alipomaliza nikaepua kikaango, nikamwambia rudia tena.

Kwa ukurasa ule, Mtwara ilijengwa na Waingereza kwa ajili ya karanga. Karanga zikashindikana, mji ukalala. Baadaye gesi ikapatikana, wananchi wakafanya fujo. Mwisho. Mdogo wangu akaniuliza, "Kaka, kabla ya karanga hapa palikuwa pori?" Niliona aibu, maana hata mimi sikuwa na jibu la kumpa palepale.

Tangu siku hiyo nimeusoma mara nne. Makosa ya wazi yapo. Umeandika "jiji" wakati Mtwara ni manispaa, na jina lake kamili ni Manispaa ya Mtwara-Mikindani. Idadi ya watu iliyowekwa ni 92,602, ambayo ni ya sensa ya 2002. Sensa mbili zimepita tangu hapo: 2012 tulikuwa 108,299, na 2022 tulikuwa 146,772. Unasema gesi iligunduliwa miaka ya 2010, kumbe ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na zile za miaka ya karibuni ni za kina kirefu baharini. Halafu Mnazi Bay, mtambo wa gesi wa Madimba na kiwanda cha saruji cha Dangote vyote vimewekwa "ndani ya mji", na vyote viko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, yaani kwa wenzetu wa Vijijini.

Hayo ni rahisi, mtu anafuta anaandika. Kinachoniuma ni kile ambacho hakina kosa hata moja ukikipima neno kwa neno, lakini ukimaliza kusoma unakuwa umedanganywa. Aya tano za karanga, mstari mmoja wa Mikindani. Na neno "fujo" limekaa peke yake, bila kusema watu walitaka nini.

Sidai mji usifiwe. Nataka mtoto akinakili, anakili mji anaoujua. Wajuzi mnasemaje?

#2 Bint Chikongola

Naunga mkono hoja. Nimeufungua sasa hivi. Picha ya kwanza ni ufukwe mtupu hauna hata mtumbwi. Soko halipo, bandari haipo, watu hawapo.

#3 MwanaMikindani

Ndugu mleta uzi, asante kwa kuanzisha. Mimi nimezaliwa Mikindani, na babu zangu ni wale wa pwani tunaoitwa Wamaraba. Ukurasa unasema wakazi wa hapa "ni Wamakonde", na unaishia hapo. Wamakonde ni wengi na ni ndugu zetu, tumeoana mpaka hatujui tena mpaka uko wapi. Lakini Wamakua wako wapi? Wayao? Wamwera?

Sasa turudi kwenye swali la mdogo wako. Mwambie hapakuwa pori. Kilomita kumi na kidogo kutoka bandari ya Mtwara kuna ghuba ya Mikindani, na majahazi yalikuwa yakitia nanga pale zamani sana kabla Mwingereza hajawaza karanga. Misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia pwani hii. Pembe za ndovu zilipita, na watu waliofungwa minyororo walipita pia. Hilo tusilifiche kwa kuwa linauma, liandikwe.

Mstari mmoja tuliopewa unasemaje? Kwamba David Livingstone alipita Mikindani mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho. Ni kweli alipita. Lakini jiulizeni kwa nini alishukia hapa. Alikuja kwa sababu palikuwa na bandari na njia ya kwenda bara ambayo watu walikuwa wanaitumia tayari. Ukimweka yeye peke yake kwenye sentensi, anaonekana kama ndiye aliyeifungua njia. Na katika msafara ule alikuwemo kijana wa Kiyao, Chuma, ambaye miaka saba baadaye alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone mpaka pwani ya Bagamoyo. Chuma hayumo kwenye ukurasa.

Boma la Wajerumani la 1895 limetajwa, lakini kama hoteli. Kwamba lilijengwa kututawala, na kwamba miaka saba kabla yake, 1888, watu wa pwani hii waliinuka wakawatimua mawakala wa kampuni ya Kijerumani, hakuna.

#4 Soko Kuu

Wakuu, mimi ni mfanyabiashara, nitasema tofauti kidogo, msinielewe vibaya. Ile sehemu ya fujo za gesi za 2013 iondolewe kabisa. Mgeni anayetaka kuja kuwekeza anasoma kitu cha kwanza ni fujo. Miaka zaidi ya kumi imepita, bomba limejengwa, maisha yanaendelea. Kwa nini kidonda kinatonyeshwa kila siku? Miji mingine nayo ina mambo yake na hayajawekwa mbele. Tuandike bandari, gati jipya la mita 300, hospitali ya kanda pale Mitengo, barabara. Hayo ndiyo yanayotusaidia.

#5 Bint Chikongola

Kaka Soko Kuu, kwa heshima zote, hapana.

Mwaka ule nilikuwa mwanafunzi. Tarehe 22 Mei tulikuwa ndani, madirisha yamefungwa, mama anatuambia tulale chini. Wapo waliokufa. Tukifuta, tunawafuta na wao. Halafu atakuja mtu mwingine asiyetujua ataandika upya kwa maneno yake, na yatakuwa mabaya kuliko hayo.

Kosa la ukurasa ni kuanzia mwisho wa hadithi. Tarehe 27 Desemba 2012 watu waliandamana hapa mjini, wazee kwa vijana, kwa amani, wakisema "gesi haitoki". Madai yalikuwa yanaeleweka: gesi ichakatwe huku, viwanda na umeme vijengwe huku, ajira zianzie huku, kabla ya bomba kwenda Dar es Salaam. Januari vurugu zikatokea, Masasi nako kukawaka, Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaja kuzungumza na watu. Mei, bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na bomba likabaki palepale, ndipo moto ukawaka na jeshi likaletwa. Bomba likakamilika 2015.

Ukisema "wananchi walifanya fujo wakipinga bomba", hujasema uongo. Ila umemnyima msomaji miezi mitano yote iliyotangulia. Mimi ningeandika: wananchi walisimamia haki yao wakakandamizwa.

#6 Zamu ya Usiku

Salaam. Mimi nimekuwa nikihariri kamusi elezo za mtandaoni kwa miaka kadhaa, zaidi kurasa za wilaya na mito ya Tanzania. Naomba niseme mambo yanavyokwenda kule ndani, maana wengi wanajua ukurasa lakini hawajawahi kubonyeza pale juu palipoandikwa "historia".

Ukibonyeza unaona kila badiliko, nani kafanya, lini. Nimeangalia ukurasa wa Mtwara usiku huu. Sehemu kubwa imeandikwa na watu wachache ambao kwa namna wanavyoandika naona hawajafika. Hawana nia mbaya. Walikuwa na vitabu walivyokuwa navyo, na vitabu vinavyopatikana kirahisi kuhusu Mtwara ni vya karanga.

Kwa nini karanga? Kwa sababu zilichoma pesa za Waingereza. Mpango ule wa kulima karanga ulipitishwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kazi ikaanza 1947, ukafutwa 1951, na takriban pauni milioni 36 zikapotea. Bunge lao lilibishana, magazeti yao yaliandika, wasomi wao wakatunga vitabu. Mikindani haikumpotezea mlipakodi wa London hata senti, basi haikuandikwa sana. Aya tano dhidi ya mstari mmoja zimetokana na rafu za maktaba, na hilo ni gumu kurekebisha kuliko uongo wa kawaida, kwa sababu kila sentensi ina chanzo chake.

Sasa dada Bint Chikongola. Mpangilio wako wa tarehe ni mzuri sana na ndivyo ukurasa unavyopaswa kuwa. Lakini "walisimamia haki yao wakakandamizwa" haitakaa. Atakuja mwingine ataandika "walichochewa na wanasiasa", mtafutana hadi wakabidhi, yaani wasimamizi wa kamusi, wafunge ukurasa usihaririwe. Andika walichodai, andika serikali ilijibu nini, andika kilichotokea, kila kimoja na chanzo. Msomaji ataamua jina. Na "fujo" nayo itoke kwa sababu hiyohiyo.

Soko Kuu, kufuta hakuruhusiwi kwa hoja ya kwamba inatuharibia biashara. Kuongeza gati na hospitali kunaruhusiwa, ukileta chanzo ambacho si tangazo.

#7 Kuchele

Mkuu Zamu ya Usiku, umenifungua macho. Lakini hapo kwenye chanzo ndipo tunapokwama. Babu yangu alifanya kazi bandarini tangu meli za kwanza. Anaujua mji huu nyumba kwa nyumba, nani alihamishwa kupisha nini. Mwaka juzi niliwahi kuandika kwenye ukurasa ule habari moja aliyonisimulia. Haikumaliza saa mbili, ikaondolewa, ikaandikwa "haina chanzo". Yaani Mwingereza aliyekaa wiki mbili akaandika kitabu ni chanzo, na mzee aliyekaa miaka themanini si chanzo? Hiyo haki iko wapi?

#8 Mwl Mstaafu

Wanangu, hamjambo. Nimefundisha historia sekondari huku kusini kwa zaidi ya miaka thelathini, nyingi nikiwa Masasi. Naomba mnivumilie nitaandika kirefu.

Kuchele mwanangu, uchungu wako naujua. Lakini nilipokuwa nikiwatuma wanafunzi wakaulize wazee asili ya jina Mtwara, walirudi na majibu mengi, na kila mzee aliapa. Ningeweka lipi kwenye kitabu? Simulizi ni chanzo, ila lazima mtu ayakusanye, ayalinganishe, aandike nani kasema na lini, kisha ayachapishe. Kazi hiyo hatujaifanya vya kutosha. Hilo tujilaumu wenyewe kabla ya kumlaumu mhariri wa mbali.

Msiziondoe karanga. Zipunguzeni, mziweke mahali pake. Ni kweli bandari yenye kina ile ilijengwa kwa mpango ule, na ni kweli mji ulipimwa kwa ukubwa kuliko watu waliokuwepo, ndiyo maana viwanja na barabara za mjini vimeachana vile. Reli ilijengwa toka Mtwara kwenda Nachingwea, ikafungwa 1962, mataruma yakang'olewa. Baba yangu mdogo alibeba mataruma hayo yakiwekwa, na alikuwepo yakitolewa. Ninachokataa ni neno "mji ulioshindwa". Mpango ulishindwa. Watu waliletwa kwa mpango, mpango ukaondoka, wao wakabaki wakalima korosho, wakavua, wakasomesha watoto. Huko si kushindwa.

Sasa tazameni kile ambacho hakimo kabisa na vyanzo vyake vipo. Kwanza, Machemba, mtawala wa Kiyao katika Uwanda wa Makonde. Mwaka 1890 alimwandikia barua Wissmann, kamanda wa Kijerumani, kwa Kiswahili, akakataa kumtii. Barua imehifadhiwa na imechapishwa. Alipambana nao miaka, mpaka 1899 akavuka Ruvuma. Mtoto wa Mtwara anajua Livingstone na hamjui Machemba.

Pili, ukombozi. Wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, walikuwa na kambi kubwa ya mafunzo Nachingwea, na mkoa huu ulikuwa mlango wa vita ile hadi Msumbiji ilipopata uhuru 1975. Wakimbizi walivuka Ruvuma wakapokewa vijijini. Wengine wakabaki, ni majirani zetu leo. Ukurasa unasema tu kwamba Mtwara "iko karibu na mpaka wa Msumbiji", kama vile mpaka ni mstari wa ramani tu.

Tatu, Benjamin Mkapa amewekwa kwenye orodha ya "watu maarufu wa mji". Mzee alizaliwa Lupaso, wilaya ya Masasi, na kaburi lake liko huko. Ni wa mkoa, si wa mji. Daraja la Rufiji lililopewa jina lake lilifunguliwa 2003, na waliowahi kulala siku kadhaa njiani wakati wa masika wakingoja kivuko wanajua maana yake kwa mji huu. Hapo ndipo pa kumtaja.

#9 Mkazi wa Ng'apa

Ninyi wa Mtwara mnalalamika mna aya tano. Njooni muone wa Lindi. Una alama ya "mbegu" chini, yaani makala changa, tangu niujue.

Mwalimu shikamoo. Naomba niongeze la kwetu maana ni ugonjwa uleule. Tendaguru, ndani ya mkoa wa Lindi, ndiko alikotoka yule mjusi mkubwa aliyesimamishwa kwenye makumbusho ya Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Wajerumani walichimba 1909 mpaka 1913. Ukurasa unawataja wanasayansi wao, Janensch na Hennig, na mhandisi Sattler kwamba "aligundua". Waliochimba kwa mamia, wakafungasha, wakabeba mifupa kichwani kwa miguu hadi bandari ya Lindi hawana hata sentensi. Na jina la msimamizi wao linajulikana, limo kwenye maandishi ya Wajerumani wenyewe: Boheti bin Amrani. Hapo hakuna kisingizio cha kukosa chanzo! Niliongeza jina lake mwezi uliopita, nikaweka chanzo, limekaa.

La pili, sensa. Manispaa ya Lindi mwaka 2012 ilikuwa na watu 78,841. Ya 2022 imeruka zaidi ya mara mbili, na mtu ameandika "Lindi ni miongoni mwa miji inayokua kwa kasi kubwa". Haikukua hivyo. Halmashauri ya Lindi Vijijini ilivunjwa, kata za upande wa Mchinga zikaingizwa manispaa, zilizobaki zikawa Halmashauri ya Mtama. Mipaka ndiyo iliyokua. Mtu asiyejua hilo atatunga uchumi mzima juu ya namba ile.

La tatu, na hili linanikera zaidi: neno "machinga" limeelezwa kwamba eti limetokana na Kiingereza. Wamachinga ni watu, wako Lindi, wana kijiji na makaburi ya wazee wao. Vijana wao walikwenda Dar kuuza bidhaa mkononi, jina la kabila likawa jina la kazi.

#10 Stakabadhi

Mimi mkulima wa Tandahimba, nasoma tu kimya toka asubuhi. Korosho wameipa mstari mmoja: "zao kuu la biashara ni korosho". Miti iliyosomesha kusini nzima! Hakuna Naliendele, kituo cha utafiti ambacho mbegu zake zimesambaa nchi nzima, na kiko hapohapo manispaa. Hakuna stakabadhi ghalani, mfumo ulioanzia mkoani kwetu msimu wa 2007/08, hakuna minada, hakuna kangomba, yule mlanguzi aliyekuwa akitupunja kwa kipimo chake kabla na hata baada ya mfumo. Hakuna Novemba 2018, serikali iliposema itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kilo na magari ya jeshi yakaja kubeba. Msimu ule kila mtu huku anajua alikuwa wapi.

#11 Zamu ya Usiku

Ndugu Stakabadhi, mengi ya hayo yanakwenda ukurasa wa mkoa, kwa hoja ileile ya Mwalimu kuhusu Mkapa. Kwenye ukurasa wa mji weka Naliendele, maghala, na korosho kupita bandarini. Tusije tukawalaumu waliochanganya mji na Vijijini, halafu sisi wenyewe tukachanganya.

Mkazi wa Ng'apa, lile la Boheti ni mfano wa kufuata. Jina moja, chanzo kimoja, sentensi moja.

#12 Soko Kuu

Nimesoma maelezo ya dada na ya Mwalimu. Kama itaandikwa kuanzia Desemba 2012, pamoja na walichodai, nakubali ibaki. Sikuwa nimelifikiria kwa upande wa waliokufa. Samahani dada.

#13 Kuchele

Wakuu, nimekesha. Nilianza na ukurasa wa majadiliano kama nilivyoelekezwa, nikaeleza ninachotaka kubadili na kwa nini, kisha nikahariri kidogo kidogo.

"Jiji" imekuwa "manispaa". Idadi ni 146,772 na sensa yake imetajwa. Madimba, Mnazi Bay na kiwanda cha saruji vimehamia ukurasa wa wilaya. Karanga sasa ni aya mbili, na "mji ulioshindwa" imetoka. Mikindani imepata sehemu yake yenyewe, na imekaa juu, kabla ya karanga. Kuhusu gesi nimeandika hivi:

"Tarehe 27 Desemba 2012 wakazi wa Mtwara waliandamana wakitaka gesi asilia ichakatwe mkoani kabla ya kusafirishwa. Serikali ilishikilia kuwa gesi ni mali ya taifa zima na kwamba bomba lingejengwa. Mei 2013, baada ya bajeti ya wizara kusomwa bungeni, zilizuka ghasia zilizosababisha vifo, na jeshi lilipelekwa mjini."

Mtu mmoja aliuliza kwenye majadiliano kwa nini "ghasia" na si "fujo". Nikamjibu kwamba kwa Kiswahili cha huku fujo ni jina unalompa mtoto mkorofi. Hajarudi.

Kilichoondolewa ni kimoja: niliandika kwamba ming'oko (mizizi ya porini) ya kuchemsha huuzwa mitaani na ni chakula kinachotambulisha mji. Imeambiwa haina chanzo. Nimeirudisha, imeondolewa tena, sasa nimeacha.

Mdogo wangu ameongeza Machemba kwenye daftari. Mwalimu, Jumamosi nitakuja naye, umwoneshe barua ile mahali ilipochapishwa tupige picha ukurasa na jalada. Na babu amekubali tumrekodi, nikaseme naye nini kwanza?

#14 Mwl Mstaafu

Karibuni, mje asubuhi kabla jua halijawa kali. Babu muulize kwanza mwaka aliozaliwa na alikozaliwa, na umwache amalize. Majina ya mitaa ya zamani andika kama anavyoyatamka yeye.

#15 Bint Chikongola

Nimepiga picha ya soko leo, saa ile kina mama wanapanga samaki. Naipakia jioni. Na jamani, hakuna mwenye tasnifu, kijitabu cha wizara, chochote kilichochapishwa kinachotaja ming'oko?